Kitanda cha karafuu tulichomuundia Bi Time, na mlango ambao hatukuupima

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mzee, naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo nivumilieni. Haya yalinikuta mwenyewe kule Pemba na siongezi chumvi. Chumvi yenyewe nimekatazwa na daktari.

Mjukuu wangu yuko chuo, anasomea product management. Juzi kaja kulalamika kwamba group project yao imebuma. App wameitengeneza, inang'aa, na hakuna anayeitumia.

Nikamwambia kaa hapa, nikupe lecture ya bure.

Ilikuwa miaka ya mwanzo wa sitini, kabla ya uhuru, nasoma skuli Chake Chake. Mwalimu wa useremala alitugawa vikundi. Kila kundi litengeneze kitu kimoja cha kumfaa mtu, na msimu wa karafuu ukiisha atapita kukagua kama kinatumika.

Tulikuwa watatu. Mimi kiongozi, kwa sababu nilikuwa na mdomo. Faki wa Msuka, mpole, hesabu zake safi. Na Kombo wa Kojani, ambaye ukoo wake mzima ni mafundi wa vyombo vya baharini.

Mtu wetu akawa Bi Time, mjane, jirani yetu kijijini Vitongoji. Alikuwa na mikarafuu yake michache, na msimu ule alishaapa kwamba karafuu zikikauka vizuri, anaezua makuti yanayovuja na kuezeka bati. Kijiji kizima kilijua habari ya bati la Bi Time.

Karafuu zake alikuwa anazianika uani juu ya jamvi, kama kila mtu. Sisi tukaona hiyo ni shida. Kuku wanapita, mbuzi wanapita.

Nani alituambia ni shida? Hakuna. Tuliamua wenyewe, tumekaa darasani.

Faki alisema twende tukamuulize japo kidogo. Nikamjibu kwamba wanaosoma ni sisi, tukamuulize yeye nini? Ndivyo nilivyokuwa, msinicheke.

Basi tukaunda kitanda kikubwa cha mbao, miguu minne, na kingo pembeni ili karafuu zisimwagike. Kombo, kwa mapenzi yake, akaziba kila upenyo kwa pamba na mafuta ya papa, kama wanavyoziba mashua kwao. Nilimsifu mpaka akaona haya.

Tukampelekea. Bi Time akakizunguka mara mbili, akatushukuru, akamwaga humo karafuu zake zote. Alifanya kwa heshima tu, wakuu. Vijana wamekuletea zawadi, utafanyaje?

Siku ya tatu tulikuwa pale kuangalia kazi yetu. Mchana mvua ikashuka.

Kwa wasiojua: wingu likifunga, watu wawili wanashika jamvi, huyu huku na huyu kule, wanalikunja na karafuu zake na kuliingiza ndani. Basi, kwisha.

Kitanda chetu tulikinyanyua wanne, na Bi Time mwenyewe akiwemo, tukahema nacho mpaka mlangoni.

Hakikupita.

Tukajaribu kwa upana, tukajaribu kwa urefu. Tulipima kila kitu isipokuwa mlango.

Na kwa kuwa kazi ya Kombo ilikuwa safi, maji yaliyoingia hayakutoka. Karafuu zikaelea. Tukawa tunazichota kwa vikombe na kanga, na nyingi zikaharibika, zikapauka nyeupe, zinanuka papa.

Niliona aibu ambayo hadi leo nikiikumbuka masikio yanapata moto.

Bi Time hakugomba. Alikaa kizingitini, kalowa chepechepe. Ndipo kiongozi mzima nikamuuliza alikuwa anataka tumtengenezee nini.

"Nyiye hamkuniuliza," akasema. "Mie tangu mwanangu aolewe, sina wa kunishikia upande wa pili wa jamvi. Nilikuwa nataka mtu tu."

Msimu uliobaki tulipeana zamu, kila siku mmoja wetu yuko uani kwake anatazama mawingu. Mwalimu alipokuja alikuta kuku wanataga kwenye kitanda na mimi nimeshika jamvi. Kitanda alikipa sifuri.

Somo, kwa mjukuu wangu na wenzake: user wako muulize kabla hujashika msumeno. Na ukishamuuliza, uwe tayari kusikia kwamba hahitaji kitu chako.

Karafuu zilizosalimika zilitosha bati la upande mmoja wa nyumba. Mwingine ukabaki makuti. Mgeni akiuliza, Bi Time alikuwa akijibu taratibu kwamba upande unaovuja ni wa wasomi.

Haya, nani mwingine humu kamtengenezea mtu kitu kizuri ambacho hakukiomba? Semeni ukweli, mjukuu wangu anasoma comments.