Wiki Saba za Msafisha Mbwa

Mbwa wote wa bonde letu walimchukia kaka yangu Ísleifur. Wakimwona anavuka mto, wenye akili walikimbilia mlimani, na wasio na akili walijificha chini ya vitanda vya watoto. Yeye aliwapenda. Aliwajua kwa majina, wao na mama zao na bibi zao. Tulimzika Jumamosi iliyopita, akiwa na miaka sitini na minane, na mchungaji Eggert akasoma yale maneno ya Mithali kwamba mtu mwenye haki huufikiri uhai wa mnyama wake. Niliyashukuru. Lakini mchungaji ni mgeni kwetu, na hakujua mengi ya kusema juu ya mtu aliyewaharisha mbwa wa watu kwa miaka thelathini na mmoja. Mimi ni dada yake, nilimtunzia nyumba muda wote huo, kwa hiyo nitayasema mimi.

Alioa mara moja tu. Steinvör alikuwa binti wa shamba la Bakki, mcheshi, mwenye sauti nzuri kanisani. Mwaka wa nne wa ndoa tumbo lake likaanza kukua, tukafurahi, mimi nikaanza kufuma soksi za mtoto. Halikuwa tumbo la mtoto. Daktari alipompasua alikuta ini limejaa mifuko ya maji, mingine mikubwa kama ngumi. Alifariki siku ya tatu, ana miaka ishirini na sita.

Daktari alimkalisha kaka akamweleza. Huko Bakki, kama nyumba nyingi za zamani, bakuli za chakula ziliwekwa sakafuni mbwa azilambe kabla ya kuoshwa. Mbwa huyo msimu wa kuchinja alikuwa amekula maini mabovu ya kondoo. Tegu wadogo sana wakakua tumboni mwake, mayai yao yakatoka na kinyesi, yakashika manyoya yake na ulimi wake, na Steinvör, angali mtoto, akayala; ndiyo yaliyokua yakawa mifuko ile.

"Basi mke wangu aliuawa akiwa na miaka mitano," kaka aliniambia. "Ila alichukua miaka ishirini kufa."

Mwaka uleule aliomba kazi ya kusafisha mbwa wa kata, yaani kuwatoa tegu. Haikuwa na mwombaji mwingine. Kila mwaka, kuchinja kukiisha, wakulima walileta mbwa wao kwenye kibanda cha mawe na nyasi kilichokuwa ng'ambo ya kijito chetu. Mbwa walifungwa humo siku nzima bila chakula. Kisha kaka aliwapa unga wa dawa uliofichwa ndani ya siagi, mmoja mmoja, akiwafumba mdomo kwa mkono wa kushoto, na baada ya nusu saa kibanda kilikuwa hakiingiliki. Yeye aliingia. Alikusanya kila walichotoa, akakichoma, akawaogesha mbwa kwa dawa ileile ya kuogeshea kondoo, akawarudisha kwa wenyewe wakitetemeka na kumwangalia kwa jicho baya.

Watu walimtania. Brynjólfur wa shamba la Hvammur ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote.

"Daktari wa makalio huyo!" alikuwa akipiga kelele akiwa bado juu ya farasi. "Bwana Ísleifur, mwaka huu usinisahau na mimi! Nipe na mimi kijiko, mke wangu anasema nimefunga choo."

"Kwako wewe ningehitaji ndoo, Brynjólfur. Wewe hutoa upuuzi kwa juu tu."

Wakacheka wote wawili. Nasema hivi ijulikane kuwa walikuwa marafiki.

Ilikuwa miaka michache kabla ya vita. Diwani alikuwa ametangaza kwamba kila mbwa awe amesafishwa kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, wiki nne kabla ya Krismasi, na kaka alikuwa mtu wa kushika tarehe. Siku ya mwisho akaja Sigvaldi wa Gil na mbwa wake Lappi. Walikuwa wametoka pwani wiki ileile, kwenye bandari ambako meli za nje hutia nanga. Lappi alikuwa na macho yenye tongo na pua inayotiririka.

Nilikuwa nimesimama pale na ndoo. Nikasema, "Kaka, huyu anaumwa."

"Amekimbia nyuma ya farasi siku mbili, dada. Ni mafua. Nani asingepata mafua?"

"Mweke peke yake basi."

"Nimweke wapi? Chumbani kwako?"

Akafungua mlango akamwingiza. Ndani mlikuwa na mbwa kumi na watatu.

Haikuwa mafua. Ilikuwa tauni ya mbwa, ambayo bonde letu halikuwa limeiona tangu enzi za babu. Siku ya kumi habari zilianza kuja kutoka kila shamba. Mbwa hawali. Mbwa wanatapika. Mbwa wanatafuna hewa, wanaanguka na kupiga miguu kama wanaokimbia wamelala. Kaka alikwenda shamba lililokuwa na simu akampigia daktari wa mifugo, aliyeishi mwendo wa siku mbili. Daktari akamwambia hakuna dawa. Watengwe, wapate joto, wapewe mchuzi. Kaka akapita nyumba kwa nyumba akiwafuta macho na kuwamiminia mchuzi kwa kijiko. Walikufa kumi na mmoja. Týra wa Hvammur, jike aliyeweza kuleta kondoo mia kutoka mlimani kwa mluzi mmoja, alifia mapajani mwa kaka.

Brynjólfur hakupiga kelele. Alisema, "Miaka yote nilikuletea mbwa mzima ukanirudishia mbwa mzima aliyekonda. Safari hii umenirudishia maiti inayotembea. Toka kwangu."

Theluji nzito ikaja, na nyanda za juu zilikuwa bado na kondoo waliopotea. Bila mbwa, wanaume wazima walipanda mlimani wakibweka wenyewe. Ungeweza kucheka kama usingejua. Brynjólfur alipoteza kondoo kumi na tisa, na vidole viwili vya mguu kwa baridi.

Kaka hakujitetea. Jumapili alikaa kiti cha nyuma kabisa kanisani. Nyumbani, baada ya kusoma mahubiri ya jioni kama ilivyo desturi yetu, alikuwa akifunga kitabu na kubaki ameweka mkono juu yake. Siku moja alisema, "Uliniambia, Salbjörg." Nilitamani nisingekuwa nimemwambia.

Mwaka uliofuata watu walinunua mbwa wapya kutoka wilaya nyingine, na msimu wa kuchinja ukafika, na hakuna aliyeleta mbwa. Kaka akakubali kwamba kibanda kisitumike tena. Akaanza kwenda mwenyewe kila shamba, mbwa mmoja kwa siku, akichemsha nguo zake kila jioni. Wengine walimfungulia, kwa shingo upande. Hvammur hawakumfungulia.

Basi, Jumapili ya tatu ya Oktoba mwaka huo, Jórunn, mke wa Brynjólfur, alinivuta nyuma ya kanisa.

"Salbjörg, nisikilize haraka. Juzi tulikuwa tunachinja. Ini moja lilikuwa na malengelenge ya maji, makubwa kama mayai. Nilisema lizikwe. Kabla sijageuka, Spori alikuwa amelinyakua na kulimeza."

Spori ndiye mbwa mpya. Brynjólfur alikuwa amemtoa farasi kumpata.

"Mwambie mumeo."

"Nimemwambia. Anasema jina la kaka yako nisilitaje mezani. Na Ásta, yule wangu mdogo, analala na mbwa huyo shingoni kama skafu. Ana miaka mitatu, mwenzangu. Namfukuza mbwa, nikigeuka wako pamoja."

Nilipomweleza kaka, alikaa kitako juu ya sanduku la makaa. Kisha akachukua kalenda. Daktari alikuwa amemfundisha zamani kwamba tegu yule huchukua wiki saba ndani ya mbwa kabla ya kuanza kutoa mayai. Kabla ya hapo mbwa hana madhara. Baada ya hapo kila anacholamba kina mauti. Akatia alama siku ya mwisho.

Wiki ya kwanza alikwenda Hvammur akazuiwa langoni. Wiki ya pili alikwenda kwa diwani.

"Sheria ipo," diwani akasema, "lakini majira ya baridi ni marefu na majirani ni wachache. Tungoje masika."

"Masika mtoto atakuwa ameshayala mayai."

"Ísleifur, ndugu yangu, wewe ndiye wa kumsemesha mtu huyu juu ya mbwa?"

Wiki ya tatu alimwandikia Brynjólfur barua. Ikarudi haijafunguliwa. Wiki ya nne akaenda tena, na Brynjólfur akatoka na bunduki ya kuwindia kwale, akaipumzisha mkononi kama mtu anayebeba fimbo tu.

"Mguse mbwa huyu nami nitakutundika uani kama kunguru mfu, uwafukuze wenzako."

"Nitundike baada ya kumpa dawa."

"Nenda zako na nguo zako zenye tauni, bwana muuaji."

Siku hizo nilimsikia kaka akisali zizini alipokuwa akikamua, akifikiri maziwa yanayogonga ndoo yanamfunika. Hakumwomba Mungu amsamehe. Alisema tu, "Usimfanye mtoto alipe. Usimfanye mtoto alipe." Alikuwa hali chakula. Nilimwekea samaki mkavu na siagi, nikavikuta vilevile. Mimi mwenyewe nilipiga magoti nikashindwa kusema neno, kwa sababu nilimkasirikia Bwana, na sikujua kama hilo linaruhusiwa.

Siku ya arobaini na nne tangu Spori ale lile ini kaka aliamka, akaoga kwa maji ya moto, akachukua dawa yake katika kichupa na hakuchukua kingine. Nilimfuata. Niliogopa bunduki.

Uani Hvammur theluji ilifika magotini. Brynjólfur alisimama mlangoni, mbwa kati ya miguu yake. Kaka alisimama mbali, hatua ishirini, akaanza kuvua nguo. Koti. Sweta. Viatu. Suruali. Kila kitu alikirusha nyuma yake, mpaka akabaki na nguo ya ndani, mtu wa miaka arobaini na kitu, miguu myeupe kama mishumaa.

"Amerukwa na akili," Brynjólfur akasema.

"Unasema ninabeba tauni katika nguo zangu. Haya, sina nguo. Nipe zako. Nipe siagi yako, bakuli lako, kamba yako. Changu ni unga huu tu, na huu unatoka kwa daktari."

"Utakufa kwa baridi, mpumbavu wewe."

"Basi utakuwa umelipwa Týra."

Brynjólfur akanitazama mimi. "Mwondoe kaka yako, Salbjörg."

"Mwondoe mwenyewe," nikamwambia. "Bunduki unayo."

Tukabaki hivyo. Kaka alianza kutetemeka mpaka meno yake yakasikika. Ndipo dirisha likafunguliwa juu na suruali ya Brynjólfur ikaanguka kwenye theluji, ikafuatwa na sweta, kisha soksi, moja baada ya nyingine. Kaka akazivaa. Dirishani Jórunn alikuwa amembeba Ásta kiunoni, na mtoto alikuwa anacheka kwa kuona nguo za baba yake zinaruka.

Brynjólfur aliutazama uso ule wa mtoto. Kisha akamshika Spori kwenye ukosi akamkokota mpaka zizi la kondoo. "Akifa," akasema, "hutatoka humo."

Dawa ile ni kali. Spori alianguka ubavuni, mate yakimtoka, macho yamegeuka, na kwa robo saa nilidhani amekufa. Brynjólfur alikaa juu ya hori, bunduki magotini, analia bila kujua kwamba analia. Kaka alilala chini kwenye majani, amemkumbatia mbwa, mdomo wake sikioni mwa mbwa, akisema, "Vuta pumzi, kijana wangu. Vuta. Nyingine." Nami nilisali sala ya Bwana, nikifika mwisho naanza upya.

Spori akavuta pumzi. Jioni alisimama.

Kaka alichukua kilichotoka, akakichuja katika bakuli la Brynjólfur kwa maji, akalipeleka penye mwanga wa mlango. Chini ya maji kulikuwa na vitu vyeupe, vidogo kuliko punje ya mchele. Havikuhesabika. Brynjólfur alilipokea bakuli, akainama akavitazama. Akaliweka bakuli chini polepole, akaingia nyumbani, na tukasikia maji yakimiminwa, na sauti yake ikisema, "Lete mikono, Ásta. Yote miwili. Lete na uso."

Hakuomba radhi, na hakumsalimia kaka tena kanisani. Lakini mwaka uliofuata aliwaambia wengine wamfungulie, wakamfungulia.

Ningependa kumalizia hapo. Lakini kaka hakuweza kumalizia hapo. Alikuwa amehesabu siku arobaini na nne, lakini nani ajuaye kama ini lile lilikuwa la kwanza? Na ugonjwa huu hukua polepole, miaka kumi, miaka ishirini. Kila Ásta alipokosa kanisani, kaka hakusikia mahubiri. Mtoto alipokuwa na miaka tisa, familia yake iliuza Hvammur ikahamia kusini, na wazazi wote wawili sasa ni marehemu. Katika wiki zake za mwisho, akili ikiwa inakuja na kwenda, kaka aliniuliza kila asubuhi, "Ásta wa Hvammur hajambo?" Nikajibu, "Hajambo, kaka." Nilisema uongo. Sikujua. Namwomba Mungu anisamehe uongo huo, ingawa ningeusema tena.

Nimesikia aliolewa, na kwamba anaishi mjini. Gazeti hili husomwa kila mahali. Ásta Brynjólfsdóttir, kama unasoma haya, niandikie mistari miwili. Sina ninalodai. Nieleze tu kama u mzima, nami nitakwenda kaburini kwa kaka nikamwambie.