Machicha ya Bibi Kwenye Pombe ya Baba

Naikumbuka vizuri siku niliyofanya ujinga: nilichota kata moja ya machicha ya pombe ya bibi, nikayamwaga kwenye ndoo ya pombe ya baba, nikafunika, nikaondoka napiga mluzi. Mwanangu, usicheke kwamba nakuita mwanangu nami niko kidato cha tatu hapa Itigi. Kila mtu ni mzee wa kosa lake, na kwa hili mimi nina mvi.

Baba alikuwa mtu wa reli. Ruksa ya biashara huria ilipoingia, maduka yakajaa na reli ikapunguza watu, naye akiwemo. Akaenda machimboni upande wa Shinyanga. Miaka miwili tukawa tunampata kwa barua tu. Kisha ikaja moja iliyosema anakuja Alhamisi kwa treni, atakaa siku sita, na kwamba kule huwa anaiota ile pombe nyeusi ya Bruda.

Bruda alikuwa Mbelgiji wa misheni, rafiki yake baba, aliyekuwa akipika pombe za kwao kwenye sufuria. Aliporudi Ulaya alituachia daftari lake la Kiingereza. Mama akanipa mimi msomi.

"Soma vizuri," akasema. "Akinywa akapakumbuka nyumbani, huenda asirudi kule."

Sasa, baba na uchachu ni maadui. Uji ukilala kidogo tu utamsikia, "Nani kaniwekea ndimu humu?" na bakuli linasukumwa mpaka ukutani. Wanasema mchagua jembe si mkulima, lakini mchagua pombe sharti aujue mdomo wa mnywaji. Na hao Wabelgiji wana pombe nyingi kuliko mbuzi wa mnadani Mtinko. Iitwayo lambiki huachwa wazi ichachuliwe na upepo: nikaikata kwa mstari. Nyekundu inayolala kwenye mapipa hadi inachacha: mstari. Nyeupe ya ngano na maganda ya machungwa, nayo ina ukakasi kidogo: mstari. Iitwayo tripeli, ya rangi ya dhahabu, haichachi, ila ina nguvu za kumwangusha fahali. Ikabaki dubeli, nyeusi, ya sukari iliyounguzwa. Ndiyo yenyewe! Tukatumia kimea cha mtama badala ya shayiri, asali ya msituni kwetu, na hamira mpya ya dukani.

Siku ya pili ndoo ilikuwa kimya kama darasa la hesabu. Nikaingiwa na hofu. Nikaukumbuka mtungi wa bibi wa kupikia pombe, ambao hauoshwi kamwe. Machicha ya juzi ndiyo yanayoamsha pombe ya leo. Ndiyo maana inachemka upesi, na ndiyo maana ni chachu. La kwanza nililikumbuka. La pili sijui lilikwenda wapi.

"We mjukuu, hayo unayapeleka wapi?"

"Kumwamsha mgonjwa, bibi."

"Haya. Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe."

Nikacheka. Jioni ndoo ikachemka, nikajiona profesa. Sikuionja, mama alikuwa amenikataza, na siku hiyo, kwa bahati mbaya, nilikuwa mtiifu.

Baba alifika amekonda, sauti imepungua. Mama akammiminia. Ilikuwa nyeusi tii, na povu juu. Akanywa. Nikaliona shavu likiruka, nikasubiri glasi isukumwe.

"Nzuri sana," akasema. "Asanteni. Mmejisumbua."

Akaimaliza yote, akashukuru tena. Siku ya sita akapanda treni.

Basi mwanangu, usiyependa uchachu, au mwenye umpendaye asiyeupenda, chagua nyeusi ya sukari au ya dhahabu, uziache zinazochachuliwa makusudi. Lakini kuchagua ni nusu ya kazi. Osha chombo, tia hamira mpya, na pombe isipochemka siku ya pili, ingoje ya tatu. Mungu akujalie subira ambayo mimi sikuwa nayo, na walio mbali nawe awarudishe wakiwa wao wenyewe.

Treni ilipoondoka nilikwenda jikoni, nikamwungamia mama habari ya machicha. Nikaongeza, kujitetea, kwamba baba aliipenda hata hivyo.

Mama hakugeuka. Akasema: "Baba yako angeitema. Mgeni ndiye anayesifu kila anachopewa."