Kontena Alikonda, Mizani Ikakataa

Mtu akigoma kula, anakonda. Akikonda, mizani inashuka. Hata mimi niliyefaulu hesabu kwa huruma ya mwalimu nalijua hilo.

Sasa niambie wewe, ilikuwaje Kontena, bondia wetu wa uzito mzito, akakonda mpaka mashavu yakaingia ndani, na mizani ya gimu yetu ikaendelea kusoma kilo mia na nane?

Kocha alisema mizani mbovu. Tukapandisha mfuko wa saruji wa kilo hamsini. Hamsini.

Nikapanda mimi. Sitini kasoro, uzito wangu wa aibu.

Akapanda Kontena, mbavu zimejipanga kama ngazi. Mia na nane.

"Unakula kwa kujificha," Kocha akamwambia.

"Kocha, hata mate ya kumeza sina."

Ngoja nirudi nyuma kidogo, nisikuache njiani.

Mimi wananiita Njiti. Bondia wa uzito mwepesi. Sisi wepesi tunapanda ulingoni mapema, watu wakiwa bado kwenye foleni ya soda. Unarusha ngumi kwa ufundi wako wote, ukigeuka unaona mtu kakupa kisogo, anatafuta kiti chake.

Wakiingia wazito, ukumbi mzima unasimama. Mijitu miwili inakumbatiana, inahema, inakanyagana vidole, na watu wanashangilia. Kwa nini? Kwa sababu kwa wazito ngumi moja tu, biashara imeisha. Watu wanalipia hiyo moja.

Na mimi niliitaka. Nilikuwa nakula kama nimetumwa, ili nipande uzito na mimi ukumbi unisimamie.

Kontena ndiye alikuwa mfalme wa hiyo moja. Mpaka alipokutana na jitu kutoka mji mwingine, linaitwa Tingatinga. Raundi ya pili, mkono wa kulia. Jitu chini.

Ukumbi ukalipuka. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kiti, napiga kelele kuliko wote.

Tingatinga hakuamka tena.

Tangu hapo Kontena akasusa chakula.

"Nataka nishuke mpaka uzito wenu," aliniambia tukiwa kwenye benchi la kubadilishia nguo. "Nyie mnapigana raundi zote na mtu anarudi kwao kwa miguu yake. Ngumi zenu hazina mauti."

"Asante kwa matusi, kaka."

Hakucheka. Kontena huyu huyu, ambaye akicheka makabati yanatetemeka.

"Njiti, yupo."

"Nani?"

"Yupo mgongoni. Kila kilo ninayopunguza mimi, anajazia yeye."

Nikachungulia nyuma yake. Fulana tu, imeloa jasho. Ila pale mabegani ilikuwa imevutwa, kama imeshikwa na vidole.

"Sasa unalalaje?"

"Kifudifudi. Nikilala chali namlalia."

Nikasogea hadi mwisho wa benchi.

Wiki ile ile akaanguka akiruka kamba. Daktari akasema asipokula, mwili unaanza kujila wenyewe, na moyo hautachelewa. Kontena akamjibu, "Nikifika kilo sitini nitakula." Akapanda mizani mbele yetu. Haikusogea hata unywele.

Nikaelewa kwamba mshikaji wangu anakufa na sisi tunamtazama.

Ndipo nikafunga safari kumtafuta mama yake Tingatinga. Ni fundi cherehani. Nilimkuta chumba cha mbele, vipande vya nguo vimejaa sakafuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ni hiyo suruali unataka nipunguze?"

Nilitegemea nikishasema nimetoka wapi nitafukuzwa kwa mkasi. Nikamweleza yote. Mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani.

"Anamhisi wapi?"

"Mgongoni, mama."

Mguu ukasimama. Akakata uzi kwa meno, akachukua kitambaa kirefu pale mezani.

"Twende."

Tulipoingia gimu, Kontena alimtambua. Akataka kupiga magoti.

"Simama," mama akasema. "Utamwangusha."

Kocha akaweka filimbi yake chini polepole.

"Mama, nisamehe. Mimi ndiye..."

"Ngoja kwanza. Unamjua unayembeba?"

"Tingatinga, mama."

"Huyo simjui. Mwanangu alikuwa mwepesi kama huyu kijana." Akaninyooshea kidole. "Mlikuwa mnamwita Unyoya."

Nikaganda.

Unyoya namjua. Alikuwa hashikiki. Ukimrushia ngumi unapiga hewa, ukigeuka keshakugonga na kuondoka. Siku moja jina lake likatoweka kwenye mabango, na hakuna aliyeuliza kaenda wapi. Hata mimi.

"Alichoka kupigania viti vitupu," mama akasema. "Akala, akajijaza, akavimba. Nikamwambia, mwanangu, huo mwili umeuazima, shingo ni ile ile. Akaniambia, mama, sasa wataniangalia."

Akatutazama mmoja mmoja.

"Na kweli mlimwangalia."

Niliinamisha kichwa. Nikakumbuka kile kiti nilichosimama juu yake kupiga kelele.

"Wewe umembeba pamoja na ule mwili wake wa kuazima," akamwambia Kontena. "Ndiyo maana anakushinda. Mimi namjua alivyokuwa. Nipe mwanangu."

Akamgeuzia mgongo, akainama, kitambaa mkononi, vile mama anavyoinama kupokea mtoto mgongoni.

Gimu nzima tukasahau kuhema.

Kontena akalegeza mabega. Basi. Hakufanya kingine.

Mama akajitingisha kidogo, akakiweka sawa kitu ambacho sikukiona, akazungusha kitambaa, akafunga fundo kifuani. Kitambaa kilikuwa kimetuna. Nimeona kwa macho yangu. Kocha naye aliona, ila ukimuuliza anabadilisha mada.

Kontena akakaa chini pale pale, mikono mapajani, analia bila sauti.

"Njiti," akasema baadaye, "nina njaa."

Nilimkimbilia mama mlangoni. "Mama, nikupokee hata nusu ya njia?"

"Huyu?" Akampandisha vizuri mgongoni, akatabasamu. "Huyu hana uzito."

Akaondoka anatembea polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

Nilichojifunza: kama kuna marehemu amekukalia, usijitese naye peke yako. Nenda kabishe hodi kwao. Wenyewe wanajua namna ya kumshika.

Na wewe shabiki unayeingia ukumbini saa ya wazito tu, siku moja wahi. Mimi nimeacha kujijaza, nimebaki na kilo zangu. Tunaanza mapema, na tunaona kila kiti kilicho kitupu.