Sabato ya Matroni Pamela

Siku matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, Rongo nzima huwapigia simu waliofaulu. Pamela huwapigia walioanguka. Ndivyo alivyo tangu alipoajiriwa kuwa matroni wa shule ya wasichana iliyo nje kidogo ya mji, na hakuna aliyemtuma. Anakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni pa bweni tupu, anaanza na wale anaojua hawatapigiwa na mtu. "Umekula?" ndilo swali lake la kwanza. Alama haulizi. Msichana akilia, anamwacha alie. Akinyamaza, anamwambia akaoge, avae nguo safi, kisha atafute kazi ya mikono hapo nyumbani, kwa sababu mtu anayeshinda kitandani siku ya matokeo huanza kuwaza mabaya. Wako mabinti Macalder na Magunga wanaokiri wenyewe kwamba simu hiyo ndiyo iliyowatoa chumbani.

Hayo yatangulie, maana mbele kuna kosa lake, na si kosa dogo. Ukilisikia kabla ya kumjua utasema ni mwanamke mkavu wa dini, asiyejua watoto. Watoto anawajua. Ajabu ni kwamba aliwajua wa watu wote, akaja kumkosea wa kwake.

Wa kwake ni Dorine, binti wa marehemu dada yake Caren. Caren alifariki Magunga mtoto akiwa ndiyo kwanza anasimama dede, na Pamela akaja naye Rongo, wakaishi katika vyumba viwili vya matroni nyuma ya bweni. Mtoto alimwita Mama na hakuna aliyemsahihisha. Alipofika kidato cha pili, nyanya yake, mama wa Pamela na Caren, aliletwa hapo akiwa amepigwa na kiharusi, upande mmoja umekufa. Likizo nzima Dorine alimwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, akamgeuza kitandani usiku na mchana bila kukumbushwa. Muuguzi wa zahanati alipokuja kumwangalia, alimkagua mgongo, akauliza, "Nani anamgeuza huyu mgonjwa?" Alipoonyeshwa msichana mwenye sare ya shule, alimshika mkono kama anavyomshika mwenzake wa kazi. Nyanya alikufa mwaka uliofuata bila kidonda hata kimoja mwilini. Tangu hapo Dorine hakutaka kusikia habari ya kazi nyingine. Angekuwa muuguzi, basi.

Mtihani wa kidato cha nne alipata B jumlishi. Majirani walikata matawi, wakaimba hadi langoni mwa shule, na Pamela, ambaye chapati huzipika kwa sherehe tu, alipika beseni zima. Wakati wa kuchagua vyuo Dorine aliweka uuguzi juu, akaweka uuguzi tena chini yake, akaweka uuguzi mara ya tatu. Mahali pa mwisho, kwa kuwa tovuti haikubali pengo, akajaza sayansi ya udongo, akacheka. Majibu yalipotoka, nafasi za uuguzi zilikuwa zimejaa na yeye alikuwa ametupwa kwenye udongo.

"Udongo?" wanawake wa sokoni walimwuliza. "Unaenda chuo kikuu kusomea udongo? Huu huu wetu?"

Hakucheka tena.

Lakini mlango haukuwa umefungwa kabisa. Serikali ilifungua tovuti tena kwa siku chache ili wasioridhika wabadilishe, na kwenye orodha mpya kulikuwa na nafasi za uuguzi katika chuo kimoja cha mbali. Mwisho ulikuwa Jumamosi, saa kumi na moja jioni.

Jumamosi. Kwa wengine hiyo ni siku kama nyingine. Pamela ni Msabato, tena si wa kubatizwa tu na kusahau. Jua la Ijumaa likizama, kwake kazi imekwisha mpaka jua la Jumamosi lizame. Chakula kimeshapikwa, viatu vimeshapigwa rangi, simu imezimwa. Hajanunua hata kiberiti siku ya Sabato tangu ujana wake. Mwalimu mkuu aliyemwajiri aliambiwa hivyo kabla ya kuambiwa jina lake lote.

Katikati ya wiki tetekuwanga iliingia bwenini, na Pamela hakupata hata nafasi ya kukaa. Dorine alijaribu kwa simu, lakini tovuti ilikuwa ikizunguka tu, inamtupa nje. Ijumaa mchana Pamela aliomba ruhusa, wakaenda pamoja hadi saiba ya Boaz, duka lake la kompyuta na intaneti karibu na stendi. Walikuta foleni ya vijana hadi barazani.

"Mama Matroni, leo portal imelemewa," Boaz alisema bila kuinua macho. "Kenya nzima iko ndani."

Walingoja. Zamu yao ilipofika jua lilikuwa limeshashuka upande wa ziwa. Boaz aliingiza namba ya mtihani, ikakataa. Akaingiza tena. Mara ya tatu ukurasa ulifunguka, na Dorine akaona kwa macho yake jina la chuo, uuguzi, na kitufe cha kubadilisha. Akabonyeza. Tovuti ikasema inatuma nambari ya siri kwenye simu ya Pamela, iandikwe ili kuthibitisha. Wakaikodolea simu macho. Simu ikanyamaza.

Pamela alitazama nje. Ukuta wa duka la mbele ulikuwa umeshapoteza mwanga.

"Twende," alisema.

"Mama, kidogo tu," Dorine alisema. "Inakuja."

"Jua limeenda."

Boaz akageuka kwenye kiti chake. "Basi niachie namba ya mtoto na hiyo simu, mimi nitamalizia. Mimi ni Mkatoliki, Mama. Kesho kwangu ni siku ya kazi."

"Nikikutuma wewe, ni mimi nimefanya."

"Hata kama ni masomo?"

"Boaz, mwanangu, asante. Twende, Dorine."

Unafiki kidogo ungemfaa siku hiyo. Angeweza kusema amesahau simu hapo saibani, akaiacha kwa Boaz, akaondoka na dhamira safi. Wangapi wamefanya hivyo! Lakini Pamela hakujua njia hizo za kando. Alimshika mtoto mkono, na Dorine, msichana mzima aliyemaliza shule, akashikwa mkono akatolewa nje mbele ya wenzake. Walipofika nyumbani, nambari ya siri ilikuwa imeshatumwa. Pamela hakuiona, kwa sababu alikuwa ameshaizima simu.

Usidhani alilala. Asubuhi alifika kanisani mapema, akamngoja Elda Nyarangi chini ya paa la jengo la watoto. Huyu ni mzee wa kanisa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, mtu anayefunga duka lake Ijumaa alasiri wateja wakiwa bado wanabembeleza misumari. Binti yake Joyline alisoma darasa moja na Dorine. Alama za Joyline zilikuwa chini kidogo, na yeye pia alikuwa amekosa uuguzi.

"Elda, Sabato njema."

"Sabato njema, Dada Pamela. Mbona uso hivyo?"

Akamweleza. Akamwuliza kama kitu kama hicho hakiwezi kuhesabiwa kuwa dharura, kwa kuwa tovuti ingefungwa kabla ya jua kuzama. Aliuliza kwa sauti ya chini, na kwa kweli alikuwa akiomba ruhusa. Neno moja tu la mzee yule lingetosha. Angekimbia na viatu vyake vya kanisani hadi kwa Boaz.

Elda Nyarangi alimwekea mkono begani. "Dharura ni mgonjwa, Dada. Kompyuta haifi. Mwachie Mungu, yeye hashindwi na mashine."

Pamela alishusha pumzi. Maneno yale yalimpa nguvu, hata akaona haya kwa kuuliza. Alikaa kanisani hadi jioni na Dorine kando yake. Walikula chakula cha pamoja cha washiriki nyuma ya kanisa, wakasikiliza somo la alasiri, na saa kumi na moja ikapita kwaya ikiwa inaimba. Dorine aliangalia saa ya ukutani, akainamisha kichwa. Pamela aliona, akamshika goti, akamnong'oneza kwamba Mungu ana njia zake.

Basi, hapakuwa na njia. Majibu ya mwisho yalipotoka, Dorine alibaki pale pale kwenye udongo. Pamela, mwenye maneno ya kila msichana wa Migori na Homa Bay, alikaa kando ya kitanda cha mwanawe, akabaki na lile swali lake la kwanza. Akamwuliza kama amekula. Dorine alijibu kwamba amekula, akageukia ukutani.

Wiki chache baadaye kanisa lilikuwa na Sabato ya shukrani. Wenye watoto wanaokwenda vyuoni waliitwa mbele. Pamela na Dorine walisimama pia, kwa kuwa udongo nao ni shahada. Elda Nyarangi akapewa kipaza sauti.

"Kanisa, Bwana asifiwe. Joyline wetu alikuwa amekosa. Amekosa kabisa! Lakini siku ile ya mwisho, saa za mwisho, mtoto akaniambia, Baba, nijaribu mara moja? Nikamwambia jaribu kwa imani. Akashika simu yake, akabonyeza, na Mungu akafungua. Leo naongea na nyinyi, huyu ni muuguzi!"

Kanisa likaitika amina. Watu wakapiga makofi. Pamela naye mikono yake ilikuwa imeshainuka kupiga, ndipo akili ikamfikia. Siku ya mwisho. Hakuna aliyehitaji kalenda kujua siku ya mwisho ilikuwa ipi. Kila mzazi mle ndani alijua, na kila mmoja aliendelea kupiga makofi.

"Elda," aliita. Hakuwa na kipaza sauti, lakini mwanamke aliyezoea kuamsha bweni zima hakihitaji. "Siku hiyo ya mwisho ilikuwa siku gani?"

Makofi yakapungua.

"Dada Pamela," Elda alisema akitabasamu, "leo ni siku ya shukrani."

"Nimeuliza siku. Mimi nilikuja kwako asubuhi hiyo. Uliniambia kompyuta haifi."

Joyline aliangalia chini. Mke wa Elda akajifanya anatafuta kitambaa mkobani. Kisha kiongozi wa kwaya, kwa hekima ile ya watu wasiotaka fujo, akaanzisha wimbo, na kanisa lote likaudaka haraka na kwa sauti kubwa. Pamela alibaki amesimama mdomo ukiwa wazi, anaimbiwa usoni. Dorine ndiye aliyemvuta mkono akamkalisha.

Alikasirika. Acha niseme wazi, alimchukia mtu yule, palepale kanisani, kwa chuki ambayo hakujua kama anayo. Njiani kurudi nyumbani aliongea peke yake, akamwita Elda mnafiki, mwizi, nyoka. Dorine alitembea kando yake. Walipofika kwenye kona ya shule, msichana akasimama.

"Mama, usimlaumu sana Joyline. Alinipa simu yake."

"Lini?"

"Siku hiyo. Watu wakila. Alikuwa amemaliza yake, akaniita nyuma ya jikoni. Akaniambia, wewe weka tu namba, code inaweza tumwa kwa simu yangu, hakuna mtu atajua. Nikakataa."

Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya saiba Pamela aliona kwamba kitu fulani kimebaki kizima. Alimshika mtoto mashavu kwa mikono yote miwili. "Nyathina," alisema, mtoto wangu. "Mungu aliona. Atakulipa."

Dorine aliitoa mikono ile taratibu.

"Sikukataa juu ya Mungu. Niliogopa wewe. Nilijua ukikuja kujua, hautawahi nisamehe." Machozi hayakuwepo, na hilo ndilo lililomwuma Pamela zaidi, jinsi msichana alivyosema bila kulia. "Sasa mimi ndio nashindwa, Mama. Najaribu kukusamehe na nashindwa."

Akaendelea kutembea. Pamela alibaki pale konani na Biblia yake kwapani, watu wakimpita wakimsalimu, naye akiitikia.

Sabato iliyofuata Pamela alitoka chumbani akiwa amevaa tayari. Dorine alikuwa uani, amekunja leso hadi magotini, mbele yake mabeseni mawili ya nguo. Alikuwa anafua. Povu lilikuwa limemfika viwikoni na shuka za nyumba nzima zilikuwa zimeshaanikwa kwenye kamba, mahali ambapo jirani yeyote wa kanisani angeziona akipita. Pamela alifungua mdomo. Sauti ya kuamsha bweni ilikuwepo, tayari kooni. Dorine aliinua macho akamtazama, akangoja, mikono ndani ya maji.

Pamela alifunga mdomo, akapita.

Kanisani alikaa kiti cha nyuma. Ibada ilipokwisha Elda Nyarangi alikuja moja kwa moja kumpa mkono, kama mtu asiyekuwa na neno na mtu.

"Sabato njema, Dada. Mbona binti hatumwoni leo?"

"Ana homa," Pamela alisema. Hakuwahi kudanganya ndani ya nyumba ile ya Mungu maisha yake yote, na uongo ulimtoka kwa wepesi uliomtisha.

"Pole. Mungu atamponya."

"Amina," Pamela alijibu.