Kigari Changu na Kanzu za Ijumaa

Leo nacheka, lakini ile Ijumaa pale Kasongo ningeonyeshwa shimo ningeingia na kujifukia mwenyewe, maana kigari changu kilifukuza wazee wa watu mbele ya juri, wale walimu wa kupima kazi yangu ya mwisho wa masomo.

Kazi yenyewe ilikuwa kuifanya kompyuta ndogo ione kwa kamera bila kumaliza betri (umeme wetu ni wa jua, na jua nalo lina siku zake), kwa hiyo niliunda kigari cha kulinda mihogo iliyoanikwa isiliwe na mbuzi, ndani nikaweka sauti ya mama yangu: "Toka, mwizi weye! Toka!" Shida ni kwamba kilipochunguza pembe, masikio na miguu kilipata moto, betri ikakata kabla ya saa sita, basi Alhamisi nikajitia ujanja, nikafuta hayo yote, nikakiagiza kitafute kitu cheupe kinachotembea, basi, kwa sababu mbuzi wa jirani zetu wote ni weupe. Betri ikadumu mpaka jioni, nikalala nikijiona profesa.

Nilichosahau ni kwamba nilialika watu waje kukitazama pamoja na juri baada ya sala ya Ijumaa.

Wakaja moja kwa moja kutoka msikitini, kanzu nyeupe pe, mbele yao Mzee Rashidi, mfanyabiashara anayeheshimiwa soko zima, na hata hajaketi kigari kikamgeukia: "Toka, mwizi weye!" Mzee akaruka mkeka wa mihogo, wenzake wakatawanyika, mtu akauliza, "Hii si sauti ya Mama Zaina?" (Zaina ni dada yangu), nami nikakimbilia kukizima, kumbe na mimi nimevaa kanzu, kikawaacha wazee kikanifuata mimi, nikazunguka uwanja mzima nikitukanwa na mama yangu mzazi, nikiomba betri ife, na betri niliyoihangaikia muda wote huo ikakataa kufa.

Aliyetuokoa ni Prof, kiongozi wa kazi yangu, mtu wa Kabambare, yeye alivaa suti nyeusi, akakiendea taratibu bila kuonwa, akakipindua na kukizima.

Nilijua mwaka wangu wa masomo umepotea. Nikapiga magoti mbele ya Mzee Rashidi kuomba radhi, naye anahema, anapangusa unga wa mihogo kwenye kanzu, halafu akaanza kucheka mpaka akashika mbavu.

"Prof," akasema, "hii masini ndiyo irudie mwaka. Mutoto, mumuache apite."

Juri nao wakacheka, wakakubali, nikapita! Nilishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani, na nikaapa kwamba sitakiwasha tena mbele ya watu kabla hakijaona picha za watu wa Kasongo, wamekaa, wanatembea, hata wanakimbia. Kesho yake wa kwanza kuja kupigwa picha alikuwa Mzee Rashidi. Akanyoosha kanzu, akainama mbele ya kamera, akaiambia polepole, "Angalia muzuri. Miye niko mutu."