Msimu wa Chama cha Kigoda

Mwezi uliopita nilirudi Lodwar kwa harusi ya binamu yangu, na asubuhi moja nikapita nyuma ya soko, mahali ambapo zamani palikuwa na ghala la mahindi ya msaada. Ghala limebaki ukuta mmoja. Rangi imebanduka kwa jua, na chini yake nikaona mchoro niliodhani nimeusahau: kigoda cha mbao, kile ambacho wanaume wetu hutembea nacho mkononi, wakichoka wanakikalia, wakilala wanakiweka chini ya kichwa. Mara wimbo ukanipanda kooni. Nikauma mdomo. Mama mmoja aliyekuwa akipanga samaki wakavu pale pembeni akaniuliza kama naumwa.

Siumwi, rafiki yangu. Ila kuna jambo nimelianza kulisimulia mara nyingi na kila mara nikaliacha njiani. Leo nitajaribu kulifikisha.

Wakati huo serikali za kaunti zilikuwa hazijaja. Nilikuwa darasa la tano. Wazazi wangu walibaki na mifugo upande wa Namoruputh, nami nikaletwa mjini kwa nyanya ili nisome. Nyanya alisuka vikapu kwa majani ya mikoche, mgongo ukiwa umeegemea ukuta na miguu imenyooshwa mbele, na alikuwa haongei sana mpaka kikapu kifike shingoni. Alfajiri nilienda na kopo kwenye mto Kawalase, ambao siku nyingi za mwaka ni mchanga mtupu. Ulichimba na kuchota mchanga mpaka mkono wote uingie ndani, kisha ukasubiri maji yajikusanye polepole, meupe kama ya kuoshea mchele. Ukiwa na haraka uliondoka na tope.

Mbele ya nyumba yetu, ng'ambo ya kiwanja kidogo, palikuwa na duka la jirani yetu Msomali. Watoto wote tulimwita Mama Duka. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mara nyingi yuko njiani. Yeye aliuza sukari, majani ya chai na mafuta, na kwenye kona alikuwa na cherehani. Nikitoka mtoni nilimbeba mtoto wake wa mwisho mgongoni ili yeye ashone, na mtoto huyo alizoea kulala kwa kusikia kuimba tu. Basi niliimba. Niliimba nyimbo za ng'ombe za kwetu, za kanisani, hata za redioni, na Mama Duka akikanyaga cherehani alikuwa akisema, "Wewe iko na sauti. Mungu alikupa, wewe usitupe." Halafu alinipa anjera ya moto, mkate wao mwembamba kama chapati ya maji, na chai ya maziwa ya ngamia yenye iliki, na mpaka leo nikisikia harufu ya iliki nahisi uzito wa mtoto mgongoni.

Mwaka mmoja kabla ya hayo niliugua malaria nyanya akiwa Kerio kwa dada yake. Mama Duka ndiye aliyenibeba mpaka hospitali, akafunga duka siku mbili, akakaa kando ya kitanda akinilowesha kichwa kwa kitambaa. Naomba ulikumbuke hilo, maana mimi sikulikumbuka wakati lilipohitajika.

Chama kilianzishwa na mwalimu wetu wa historia. Alikuwa mwembamba, suruali zake zimepigwa pasi kila siku, hata siku za vumbi. Siku hizo mtu wa Lodwar akipanda gari kwenda Kitale aliwaaga watu akisema, "Naenda Kenya." Hakuna aliyecheka, ilikuwa kauli ya kawaida. Mwalimu aliiandika ubaoni, akatugeukia na kuuliza: "Kama Kitale ndiyo Kenya, sisi tuko wapi?" Tangu siku hiyo nilimpenda kama mtu anavyompenda aliyemfungua macho.

Alitaka Turkana ijitawale katika mambo yake: shule, visima, barabara, na fedha zetu ziamuliwe hapa. Hakutaka tuivunje nchi, alilisema hilo kila mara. Jina la chama lilikuwa refu na la Kiingereza, hakuna aliyelishika, watu wakaita tu Chama cha Kigoda. Mchoraji wa mabango alikichora kigoda hicho vibaya, nyanya akasema kinafanana na mbuzi aliyekatwa kichwa. Tena akauliza, bila kuinua macho kwenye kikapu chake, ni kwa nini wanawake wapigie kura kitu wasichoruhusiwa kukikalia. Mwalimu, aliyekuja kumwomba kura, alicheka sana. Nyanya hakucheka, lakini alimpa maji.

Ulikuwa msimu mzuri, sitasema uongo. Kila jioni baada ya masomo watu walijaa uwanjani, wachungaji waliotoka mbali na shuka zao begani, wauza samaki, makarani. "Ejok, ejok noi," watu wakisalimiana kila kona. Bendera zote zilishonwa na Mama Duka. Mwalimu alimletea kitambaa cha buluu na cheupe, naye akashona wiki nzima, mimi nikishika ncha ya kitambaa na mtoto mgongoni. Alipomaliza alisema hata yeye atakipigia chama hicho kura, kwa sababu amezaa watoto wanne Lodwar na barabara inamvunjia mumewe lori.

Na wimbo aliutunga mwalimu, nami nikauongoza. Tulikuwa watoto kama ishirini juu ya lori, lakini kipaza sauti nilishika mimi. Ulikuwa wimbo wa maji na mvua na nyumba ambayo mwenyewe ndiye anayeshika mlango. Nikiimba mstari, mji mzima uliitikia. Mtoto wa miaka kumi na moja akiitikiwa na mji mzima, rafiki yangu, hasikii kitu kingine.

Kisha tukaenda Kakuma, penye kambi kubwa ya wakimbizi. Jua lilikuwa kali na watu walikuwa wachache, wamekaa wametawanyika vivulini. Mwalimu alizungumza juu ya katiba na ugawaji wa madaraka, watu wakatafuna tumbaku. Mzee mmoja akasimama akauliza kwa nini wakimbizi wana mabomba kambini na yeye mwenye ardhi anachimba mchanga kama nguruwe-mwitu. Lilikuwa swali la haki. Wangeweza kulijibu wale waliopanga mambo hayo huko Nairobi na ng'ambo. Lakini mwalimu aliinua mkono akasema kwamba siku chama kikishinda, wageni wote watafunga mizigo. Uwanja ukalipuka kwa makofi. Watu walitoka kwenye vivuli vyao wakasogea. Nilimwona usoni. Alikuwa kama mtu aliyechimba siku nzima, kisha maji yakamjia mkononi.

Tulipokuwa tukirudi Lodwar aliketi nasi nyuma ya lori, akatunga ubeti mpya kwenye daftari, akanisomea. Ulisema emoit afungashe, kumekucha. Emoit kwetu ni neno moja linalobeba mgeni na adui. Nikauliza kama ubeti huo unawahusu hata watu wa Lodwar. Akasema, "Ni wimbo tu. Wewe imba." Nami nikauimba, nikajaribu mahali pa kuvuta sauti, nikapapata.

Siku iliyofuata lori lilizunguka mjini na likapita kiwanja chetu. Mama Duka alitoka mlangoni kutuona, mtoto mkononi, anatabasamu, anauinua mkono wa mtoto ili naye atupungie. Juu yangu zilipepea bendera alizozishona. Ule ubeti mpya ulikuwa umefika. Ningeweza kuuruka, nilikuwa mimi na kipaza sauti, hakuna mwingine. Nikauimba wote, na nikavuta sauti palepale nilipopachagua.

Alikijua Kiturkana vizuri. Nilimwona akiushusha mkono wa mtoto. Hakuingia ndani. Alisimama mpaka lori likapita, nami nikageuza uso upande wa pili.

Nyanya hakunipiga. Nilipoingia aliendelea kusuka, kisha akasema, "Ulipokuwa huna fahamu nilikuwa Kerio. Nani alikuwa ameshika kichwa chako?" Akaongeza, "Nenda ukamwambie kitu." Nilifika katikati ya kiwanja nikarudi. Niliona haya. Nikajiambia nitaenda kesho.

Ndani ya siku tatu mlango wa duka ulikuwa umeandikwa emoit kwa makaa, na mtu akatupa jiwe kwenye bati wakati watoto wamo ndani. Mumewe alikuja na lori, wakapakia mchana kweupe. Nyanya alivuka kiwanja na kikapu alichokuwa amekimaliza asubuhi ile, akamkabidhi Mama Duka, wakashikana mikono. Mimi nilitazama kupitia tundu la ukuta. Walienda Kakuma, ambako ndugu zake walikuwa wakifanya biashara kambini.

Chama hakikufika mbali. Kilipata diwani mmoja tu, naye kabla ya mvua kunyesha akahamia chama kikubwa. Bendera ziligeuka mapazia, nyingine zikafunika maziwa. Mwalimu, aliyekuwa amefukuzwa shule kwa ajili ya chama, hakurudishwa kazini. Miaka mingi baadaye, kaunti zilipokwisha kuja, nilikutana naye hospitalini Lodwar akisubiri dawa. Alikuwa akiishi Nadapal, mpakani, akiwajazia madereva fomu. Hakuna aliyemwita siku ya kupandisha bendera ya kaunti. Suruali yake ilikuwa imepigwa pasi. Tulizungumza habari za shule, kisha akasema mwenyewe, bila kuulizwa: "Pale Kakuma nilitaka makofi. Nilikuwa nimechoka kusema ukweli peke yangu." Akaniomba msamaha kwa kunipa ule ubeti. Nikamwambia nilikuwa na mdomo wangu. Alizikwa mwaka uliofuata.

Baada ya kuona ule ukuta sikungoja harusi iishe vizuri. Nilipanda gari kwenda Kakuma, nikauliza sokoni, kutoka duka moja hadi jingine, mpaka nikaelekezwa kwa kijana mrefu anayeuza vitambaa. Ndiye yule niliyembeba mgongoni. Mama yake alikwisha kufariki. Nilikaa kwenye gunia la mchele nikamweleza yote, pamoja na ubeti, pamoja na jinsi nilivyogeuza uso. Alinisikiliza huku akikunja kitambaa kilekile mara tatu.

"Mama alisema habari yako," akasema mwisho. "Alisema Lodwar alikuwa na msichana anaimba, mimi nalala. Hiyo ya lori hakuniambia."

"Hakukuambia kabisa?"

"Hapana. Mimi najua leo, kwa wewe."

Nikaelewa kwamba mama yake alikuwa amenificha kwa mwanawe miaka yote ile, na mimi nimekuja kujifichua. Alinipa chai. Hakuniambia amenisamehe, wala sikumwomba, kwa kuwa msamaha huo haukuwa wake kutoa. Alipouliza kama bado naimba nikasema hapana.

Siku hizi tuna gavana na bunge letu, na hakuna anayesema anakwenda Kenya. Watoto wangu hawaelewi hata ninapowaeleza kauli hiyo. Tulichokiomba kilikuja, kimeletwa na mikono mingine, na jina la chama chetu halimo popote. Hilo haliniumi. Kinachoniuma ni kile kiwanja. Sasa kimejengwa ghorofa, lakini hata kabla ya ghorofa, tangu siku lile lori lilipopakia, hakuna aliyekivuka asubuhi akiwa na mtoto wa jirani mgongoni. Nilihitaji hatua kama arobaini tu kukivuka. Nilizihesabu siku ile: ishirini mpaka katikati, na ishirini za kurudi.