Nilimponda guide wa Lubumbashi kwenye kitabu cha wageni, asubuhi yake akanigongea mlango

Heshima kwenu wakuu.

Jana nimesoma uzi wa dogo mmoja humu anamponda guide aliyemzungusha mji fulani huko nje, eti hata one star ni nyingi. Wengi mkacheka. Mimi nilizima simu nikaenda kukaa barazani.

Leo naleta yangu. Sitii chumvi, ila jina la mhusika nimebadilisha, na mwishoni mtaelewa kwa nini.

Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni, Kongo ikiitwa Zaire. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, kijana, begi mgongoni, najiona nimeshaijua dunia. Nikapanda treni ya TAZARA hadi Kapiri Mposhi, nikadandia malori ya Copperbelt, nikavuka mpaka Kasumbalesa.

Sikwenda kutalii tu. Mjomba wangu Damiani, kaka yake mama, alitoka Sumbawanga akaenda kuchimba shaba Katanga na hakurudi. Alifia huko. Kilichobaki ni picha moja: amesimama kwenye mlango wenye namba 48, nyuma yake bomba refu la moshi la kiwanda.

Mama alinipa picha ile akaniambia, "Kasimame kwenye mlango huo upigwe picha. Nione mtu wetu amefika."

Hakuniomba kingine.

Pale gesti niliyofikia Lubumbashi, mpokezi akanionya: mgeni mwenye kamera asizurure peke yake, achukue tour ya ofisi ya utalii. Nikajiandikisha. Tulikuwa watatu, mimi na wazee wawili wa Kizungu, mtu na mkewe.

Guide wetu nimwite Citoyen Ngoy. Enzi hizo kule kila mtu alikuwa citoyen, yaani raia, mambo ya bwana na bibi yalipigwa marufuku. Mtu wa makamo, kavaa abakosi imenyooshwa vizuri, ile suti yao isiyo na tai, beji ya Chama kifuani. Mkononi karatasi ya programme.

Kabla gari halijaondoka nikamwonyesha picha. Aliitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akamtupia jicho dereva, akanirudishia.

"Citoyen, hii haiko mu programme."

Basi tukaanza. Wakuu, sijawahi kuchoka vile.

Posta, anasoma karatasi. Kanisa kuu, anasoma karatasi. Jengo la Chama, hapo alisoma kurasa mbili. Tukapelekwa uwanjani kutazama akina mama wa animation, zile ngoma za kumsifu Rais, wakicheza juani, vitenge vyenye sura ya Rais, na sisi tunapiga makofi hadi viganja vinauma. Mama mmoja jasho lilikuwa linamwingia machoni na haruhusiwi kujifuta. Kisha hoteli ya Karavia, tukakalishwa kando ya ziwa tunywe soda na kusifia maji.

Lile bomba la moshi nililiona mara tatu kupitia dirishani. Nikiinua kamera tu, "Hapana kukamata photo!"

Nikamuuliza tena habari za kambi ya wachimbaji alikoishi mjomba. Akajibu vilevile, haiko mu programme, safari hii bila hata kunitazama.

Sasa sikieni. Saa kumi na mbili jioni tunarudi, filimbi ikalia. Kule bendera ikishushwa kila kitu kinasimama. Gari linazimwa, mnashuka, mnasimama wima. Mwenye baiskeli anashuka, mwenye beseni kichwani anaganda nalo.

Tukashuka. Ng'ambo ya barabara, mbele yangu kabisa, safu za nyumba za matofali, na bomba liko nyuma yake kama kwenye picha ya mama.

Hatua mia moja hivi. Milango naiona, namba sizioni, na mguu siwezi kuinua. Machozi yalinitoka, sifichi. Nikageuka, nikamkuta Ngoy ananitazama mimi badala ya bendera.

Filimbi ya pili ikalia. Akasema, "Tuende, tunachelewa."

Nilichemka. Kufika gesti nikakamata kitabu cha wageni, nikaandika kwa Kiswahili kilichonyooka: "Citoyen Ngoy ni mwoga. Anawaficha watu wake ili tuone ziwa na makofi. Hafai." Nikasaini kwa mbwembwe. Nikalala usingizi mzuri kabisa.

Jumapili asubuhi mlango ukagongwa. Ngoy, shati la kawaida, hana beji.

"Tuende kwa mujomba yako. Jana chauffeur alikuwa anasikia yote. Lelo ni mimi tu." Kumbe alikuwa anamhofia yule dereva.

Tukaenda kwa miguu, ametangulia, anasalimia kila mtu. Nikamuuliza kama anapafahamu.

"Balinizala mule mu kambi. Ile mulango nilishaijua kwa photo, tangu jana asubuhi." Kumbe alizaliwa humo humo kambini.

Namba 48 alikuwa anaishi mama mmoja na wajukuu. Ngoy akamweleza. Yule mama akachukua ufagio, akafagia kizingiti, akasema, "Simama, baba. Ni kwenu." Hakumjua mjomba, lakini alifagia. Ngoy akapiga picha moja, haraka, akanirudishia kamera niifiche.

Njiani kurudi ndipo nilipokumbuka kitabu.

Nilikimbia hadi mapokezi. Hakipo. Mpokezi akasema kila Jumapili asubuhi mtu wa ofisi ya utalii hukichukua, kinasomwa kwanza huko ofisini na kwenye Chama, kisha kinarudishwa.

Ngoy alikuwa mlangoni ananitazama. "Uliandika nini?"

Nikamwambia neno kwa neno. Hakufoka, na afadhali angefoka. Alikaa kwenye ngazi, akafungua kifungo cha shati, akakifunga tena.

"Ulisema bukweli. Lakini bukweli ni yako, jina ni yangu."

Akanipa mkono, akaenda zake.

Nilitaka kumfuata ofisini kesho yake nikafute kauli. Mpokezi akanizuia, eti nitazidisha. Nikakubali haraka mno, maana niliogopa. Yaani mwoga nilikuwa mimi. Nikaondoka na lori la asubuhi. Nimemwandikia barua tatu, hakuna jibu.

Mama aliitundika ile picha hadi alipofariki, sasa iko kwangu. Nimesimama mlangoni nacheka, na miguuni pangu kuna kivuli cha mpiga picha.

Nilichojifunza: tour mbovu ni mbovu, sikatai. Ila kabla hujaandika jina la mtu, jiulize ni nani mwingine atasoma, na wewe utakuwa wapi siku anasoma.

Mliowahi kuandika jambo mkatamani kulifuta, semeni hapa tusikie. Na kama humu kuna mtu wa Lubumbashi aliyekulia kambi ile, anifuate inbox nimpe jina halisi. Nataka tu kujua kama Jumatatu ile alikwenda kazini akarudi nyumbani.